Joto la Kobe

Mambo yote yalianza kwa kamasi za kobe. Sifanyi mzaha. Asubuhi moja, baridi ya Doha ndiyo kwanza inaingia, dada aliyekuwa akifanya kazi za ndani alinijia mlangoni pa chumba changu pale karibu na geti. Amembeba kobe kwa mikono miwili kama sinia ya pilau, anahema. Akaniambia, "Mzee, hebu angalia hii kitu. Inatoa makamasi." Nikaangalia. Kweli, puani mlikuwa na vipovu, na macho kayafumba nusu. Nikamwambia sasa mie nifanyeje, mie ni dereva. Akasema, "Basi endesha."

Yule dada alikuwa Mkamba wa Machakos, Mkristo, na kila Ijumaa akipewa ruhusa nilimpeleka Mesaimeer kanisani kwao nikamrudisha. Mie ni mtu wa Mombasa, kwetu Majengo. Tulikuwa tukitaniana mchana kutwa, yeye na Kiswahili chake cha bara, mie na changu, na katika nyumba ile hakuna mwingine aliyejua tunasema nini. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, mji mzima umefukuliwa, barabara uliyopita asubuhi jioni huikuti. Nilikuwa nimeshaendesha gari la familia ile miaka ya kutosha hata nikaacha kuihesabu.

Kobe alikuwa wa Baba Kabir. Ndivyo wafanyakazi tulivyomwita mzee wa nyumba, yaani baba mkubwa, baba yake bwana aliyeniajiri. Marehemu mkewe alimnunua kobe yule sokoni angali mdogo wa kutosha kiganjani, akimlisha majani ya saladi kwa mkono wake. Mke akafa, kobe akaendelea kukua, mpaka akawa mkubwa kama karai la kufulia. Daktari wa wanyama alitueleza kuwa ni kobe wa Afrika, wa upande wa Sudan huko, na jamaa hawa si wale wa kulala usingizi baridi nzima wakaamka salama. Huyu baridi ikimpiga anaugua kifua, na akiugua kifua anakufa. Kwa hiyo kila mwaka ikiingia baridi mzee alimlaza chumbani mwake, pembeni ya kitanda, juu ya zulia zuri la Kiajemi. Najisi zake alizifuta dada wa Machakos.

Mwaka ule mambo yalibadilika. Baba Kabir alirudi kutoka hospitali na mashine ya kumsaidia kupumua, na daktari akasema mnyama asionekane chumbani. Kobe akatolewa uani, na zile kamasi ndizo zilizofuata. Mzee akagoma. Hali, hanywi dawa, anageuzia watu uso ukutani. Akasema kobe wa mke wake ajengewe nyumba ya uani yenye joto, na yeye mwenyewe aione kwa macho yake kabla kobe hajalala humo hata usiku mmoja. Kwa wakati ule kobe akawekwa chumba cha kufulia, katikati ya mashine, na mke wa bwana analalamika kila akipita.

Juma lile lile nikapigiwa simu kutoka nyumbani. Ndugu yangu wa kike, mdogo wangu anayenifuata, ndiye aliyekuwa akikaa na mama. Akampa simu mama mwenyewe azungumze. Mama sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, "Mwanangu, baridi imeniingia mifupani. Najifunika kanga tatu na bado nasikia baridi. Njoo unione." Mombasa hiyo, jua la Mombasa. Mama yangu hakuwa mtu wa kuita mtu. Miaka yote niliyokaa Uarabuni hakuwahi kuniambia njoo, alikuwa akisema tu, "Ukipata nafasi." Nikamwambia nakuja, mama, nakuja, nilinde kwa dua. Nilipokata simu nikaitia mikono chini ya makwapa.

Kuja si jambo la kuamka ukaja. Siku zile mfanyakazi hatoki Qatar mpaka kafili wake, yaani tajiri aliyemdhamini, amtilie saini ruhusa ya kutoka, ambayo sote tukiiita khuruji. Bila khuruji unafika uwanja wa ndege na masanduku yako unarudishwa nayo. Nikamwendea bwana nikamweleza, mama yangu mgonjwa, nataka kwenda. Hakuwa mtu mbaya, wallahi nasema kweli, lakini alikuwa mtu aliyechoka. Baba yake hali chakula, mkewe ananuna, kobe yuko na nguo chafu. Akaniambia, "Nani atakayemtafutia baba hiyo nyumba ya kobe? Mimi? Anayemsikiliza ni wewe. Kobe apate nyumba, baba atulie, nitakutilia saini siku ile ile." Halafu akaongeza kuwa baba asiambiwe habari za mama yangu, moyo wake dhaifu. Hata asingeniambia, nisingemwambia. Kwetu mgonjwa hapelekewi habari za mgonjwa mwingine, wala za msiba. Unakaa naye, unamwambia dunia nzima haijambo. Nimekulia katika hilo.

Basi ikawa hivyo. Safari yangu ya kwenda kumwona mama ikawa imefungwa kwenye gamba la kobe.

Nilikwenda sokoni kwanza, kule wanakouza ndege na sungura. Jamani, mji ule mzima ulikuwa unauza ubaridi. Jua linawachoma karibu mwaka mzima, mtu akifikiria nyumba anafikiria kivuli, feni, kiyoyozi, maji ya barafu. Nilimuuliza Muirani mmoja auzaye kasuku kama ana nyumba ya mnyama ya kuweka nje, yenye joto. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama ni mzima. Wenziwe wakaja kusikiliza, wakacheka. Mmoja akanionyesha kibanda cha plastiki chenye matundu pande zote, kizuri sana kwa upepo. Mwingine akanishauri nimpikie kobe supu. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa.

Kuna mtu akaniambia nenda Al Sadd, kuna duka la vitu vya wanyama wa Wazungu. Nikaenda, nikazunguka nusu saa kutafuta pa kuegesha. Na kweli, Mungu si Athumani, nikaikuta. Nyumba ya mbao, ukuta wake una matabaka mawili na kitu laini katikati cha kuzuia baridi, paa linafunguka, na sakafuni kuna mkeka wa umeme unaopata joto la kadiri. Mfilipino wa pale dukani akanionyesha jinsi ya kuwasha. Nikautia mkono, nikausikia ule uvuguvugu, nikafurahi hata nikamkumbatia. Tatizo ni kwamba ilikuwa nyumba ya mbwa. Juu ya mlango imepigiliwa mfupa wa mbao, umepakwa rangi nyeupe.

Sasa mie ni Muislamu, mtoto wa madrasa, na nilikuwa ninaipeleka nyumba ya mbwa kwa mzee wa Kiarabu anayesali nyakati zote tano. Nilijua. Lakini nilijiambia, ni mbao tu hizi, hajaingia mbwa humu wala hajanusa mlango. Bwana akalipia, nikaipakia. Kabla ya kuingia nyumbani nikasimama pembeni ya barabara, nikatoa bisibisi, nikaung'oa ule mfupa nikautupa jalalani. Nikajiona nina akili kuliko watu wote wa Doha.

Tulimtoa Baba Kabir uani kwenye kiti chake cha magurudumu, amefunikwa mabega. Dada wa Machakos ameshika kobe tayari. Mzee akaizunguka nyumba kwa macho, anaitikia kwa kichwa, mimi moyo unanidunda kwa furaha. Halafu akanyoosha kidole. Juu ya mlango, mahali palipokuwa na ule mfupa, palibaki rangi hafifu kuliko mbao nyingine. Umbo zima la mfupa, kamili, na matundu mawili ya misumari. "Hapa palikuwa na nini?" Nikajifanya napangusa vumbi paani. "Nakuuliza, palikuwa na nini?" Nikasema, "Mfupa, baba." Akaniangalia, si kwa hasira, kwa kunisikitikia. "Kobe wa mke wangu," akasema, "alazwe nyumba ya mbwa?" Nikaanza kueleza kuwa mbwa hajaingia, kuwa ni mpya, akainua mkono na mwanawe akamrudisha ndani. Dada yule alijificha nyuma ya kamba ya nguo, anacheka mpaka anainama. "Mzee wa Mombasa," aliniambia baadaye, "si ungepaka rangi kwanza?"

Kesho yake nikairudisha dukani. Jioni baada ya Magharibi nikanunua kadi ya simu nikapiga nyumbani. Ndugu yangu akapokea. Nikamuuliza mama vipi, akasema amelala. Nilisikia watu wengi nyuma yake, sauti za wanawake, na kiti kinaburutwa. Nikamuuliza mbona watu tele? Akasema jirani wana maulidi, wamekuja kuazima vyombo. Basi nikaona nimpe kisa cha kumchekesha mama akiamka. Nikamweleza yote, Muirani na supu ya kobe, mie kumkumbatia Mfilipino, mfupa niliong'oa na umbo lake likabaki, na mzee alivyoniuliza mara mbili. Ndugu yangu alicheka. Alicheka sana, nilimsikia, mpaka akapaliwa akakohoa. Nikamwambia, "Mweleze mama, na yeye acheke." Akasema, "Nitamweleza, kaka."

Nikaenda Sanaiya, eneo la karakana, kwa fundi seremala mmoja wa Pakistani. Mtu mkimya, ndevu zimejaa vumbi la mbao. Nikamchorea nyumba kwenye kipande cha mbao, nikamwambia kuta mbili, katikati atie sufi, mlango mdogo, paa la kufunguka. Akasema tamam, njoo Jumapili. Nikaenda Jumapili nikaikuta nyumba nzuri, nzito, imepigwa randa vizuri. Na ukutani nyuma kuna tundu la mraba, safi kabisa. Nikamuuliza hili la nini? Akanishangaa. "Ya kiyoyozi," akasema. Maisha yake yote Doha hajawahi kujenga chumba bila tundu la kiyoyozi, mkono wake ulilikata wenyewe. La haula! Nilitaka kulia na kucheka. Akaliziba kwa kipande cha mbao na gundi, lakini Baba Kabir alipoingiza mkono kupitia mlangoni alilipapasa hilo hilo kwanza. Akasema upepo unapita. Haukuwa ukipita. Nilipitisha kiberiti pale, moto haukutikisika hata kidogo. Lakini yeye alisema unapita, basi unapita.

Tukaliziba tena kwa bati. Nikatia balbu nyekundu ya joto, ile wanayouza ya kukausha rangi. Mzee akasema nani anayelala taa inamwakia machoni? Hapo alikuwa na haki, maana kobe mwenyewe alipoingizwa aligeuka akatoka mara moja, akajibanza ukutani. Nilirudi sokoni kwa Muirani wa kasuku, nimekunja uso, nikamwambia cheka ukimaliza unisaidie. Safari hii hakucheka. Akaingia ndani akanitolea balbu ya udongo, nyeupe, mfano wa uyoga, inatoa joto bila kutoa mwanga, wanaiweka kwa vifaranga. Nikamuuliza mbona siku ile hakunipa. Akasema siku ile nilimuuliza nyumba.

Nilichelea kumpelekea mzee kitu nisichokijaribu. Nikaiingiza ile nyumba ya kobe chumbani kwangu, nikaiwasha baada ya Alasiri. Chumba changu kilikuwa na kiyoyozi cha dirishani, kinachojua kupoza tu. Baridi ya Januari Doha si ya mchezo kwa mtu wa pwani, upepo unatoka jangwani unapita chini ya mlango, na mie nalala na koti na soksi mbili. Nilipofungua kimlango cha kobe lile joto likanipiga usoni. Nikakaa chini, nikavua soksi, nikaingiza miguu humo ndani mpaka magotini. Dada wa Machakos alipita kuleta nguo akanikuta hivyo. Alisimama mlangoni, hakusema neno la mzaha. Akasema, "Hii kobe iko na maisha mzuri kutushinda sisi." Nikamwambia kaa na wewe utie miguu. Akakaa. Tulikaa pale miguu yetu minne ndani ya nyumba ya kobe, tunazungumza habari za nyumbani.

Ndipo aliponiuliza mama vipi. Nikamwambia alhamdulillahi, sasa analala vizuri, kila nikipiga wananiambia amelala. Dada yule akaanza kukunja moja ya nguo alizoleta. Kisha akaniambia, "Si umwambie tu huyo mzee ukweli? Mwambie mama yako ni mgonjwa, uende." Nikamwambia mgonjwa haambiwi. Akasema, "Nyinyi watu wa Coast na heshima zenu, ngai!" Nikamwambia hayo si ya Coast, ni ya watu waliolelewa. Alikasirika, na mie nilikasirika, tukatoa miguu yetu.

Nyumba ikarudishwa uani, imezibwa, ina joto, haina mwanga. Nikasema leo nimeshinda. Baba Kabir akaiangalia akasema mlango umeelekea kaskazini, upepo unatoka huko. Tukaigeuza, wanaume wawili. Kesho yake akasema inanuka gundi. Tukaiacha wazi juani. Kesho kutwa akasema nyembamba, kobe atakua. Kobe atakua! Kobe mwenyewe umri wake ushampita mwanangu wa kwanza. Ebo, nilitoka pale nikaenda nyuma ya gari nikapiga tairi teke mpaka kidole kikavimba. Nilimchukia mzee yule siku ile, na nilimchukia kobe zaidi, anavyokula majani yake polepole na haraka hana. Huku moyoni namwona mama na kanga zake tatu. Nilikuwa nimeshamnunulia blanketi, yale mazito ya Uarabuni yanayouzwa ndani ya mfuko wenye zipu, la rangi ya zambarau na maua. Nililiweka juu ya kabati na sikujifunika nalo hata siku moja, ingawa baridi ilinila.

Nilipiga simu tena. Amelala. Nikasema niamshieni nisikie sauti yake tu. Ndugu yangu akasema, "Kaka, usimwamshe mtu aliyepumzika." Nikaona kweli, namsumbua mama wa watu. Nikamuuliza bado anasikia baridi? Akachelewa kujibu, nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Hapana. Baridi imemwacha." Nikasujudu shukra pale pale chumbani, juu ya sakafu.

Siku iliyofuata Baba Kabir aliniita. Nilimkuta amekalishwa kitandani, mashine inavuma pembeni, na dada wa Machakos amesimama kando ameshika glasi ya maji, macho chini. Nikajua amenena. Kwa kile Kiarabu chake cha jikoni alikuwa amemwambia kila kitu. Sikujua nimpige au nimshukuru.

Mzee akaniambia niketi. Akaniuliza mama yangu ana nini, nikamwambia. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia tangu kobe alipotolewa chumbani. Akafumba macho. "Mwanangu aliniambia unataka likizo," akasema. "Likizo. Nikasema moyoni, mwenye kutaka likizo anaweza kungoja. Nyumba ile ya fundi ni nzuri. Nilijua ni nzuri tangu siku ya kwanza. Lakini nilijua ikitimia utaondoka, na atakayekuja kunibeba mpaka uani simjui." Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, nikamwambia apumzike, akakataa kwa kichwa. "Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia, "Wewe mgonjwa, baba. Kwetu mgonjwa hapelekewi habari kama hizo."

"Na kwetu pia," akasema. "Na kwetu pia hapelekewi." Akajifuta macho kwa pindo la shuka. Akasema kobe aingizwe, hakuna tena cha kuangalia, na mwanawe aitwe. Bwana akaja, akasemeshwa maneno mafupi ambayo sikuwahi kumsikia mzee akimwambia mwanawe mbele ya watu. Khuruji ikatiwa saini kabla ya Adhuhuri.

Tulimwingiza kobe jioni, mie na yule dada. Alisimama mlangoni akanyoosha shingo, akalisikia joto, akaingia mwenyewe mpaka ndani kabisa, akakunja miguu. Dada akamfungia kimlango. Nikamwambia kaa naye vizuri, akaniambia nenda ukamshike mama mkono, sisi tuko. Akaanza kulia, nikamwambia unalia nini, naenda nyumbani mie.

Nilifika Majengo mchana na blanketi mabegani. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wazi. Ndugu yangu alikuwa ameketi kibarazani anachagua mchele, na aliponiona hakupiga kelele wala kuruka kama ilivyo kawaida yake. Aliinuka taratibu, akajipangusa mikono kwenye kanga, akanipokea mfuko wa blanketi. Jirani wa ng'ambo aliyekuwa dirishani akarudi ndani.

"Kaa kitako kwanza, kaka. Unywe maji."

"Mama amelala?"

"Kaa kwanza."

Sikukaa. Nikapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kimeegemezwa ukutani, na godoro halipo. Sakafu imefagiwa. Kanga zake zimekunjwa juu ya kiti, na mswala juu ya kanga. Nilisimama pale katikati. Nilimsikia ndugu yangu amekuja nyuma yangu, anapumua.

"Lini?" nikamuuliza.

Akanishika bega. Kisha akasema, "Siku ile ya kisa cha nyumba ya mbwa."

Nikageuka nikamwangalia. Nikamwambia haiwezekani, siku ile nimezungumza na wewe. Nilikusikia ukicheka.

"Nilicheka," akasema. "Walikuwa wanamkosha chumba hiki hiki. Wajomba wakasema usiambiwe, uko ugenini peke yako, nani atakushika? Ukaanza kunieleza habari za mfupa. Nikasema nisipocheka atajua. Nikacheka."

Mie ni mtu wa hasira, kila anijuaye anajua. Maneno yalinijaa kinywani, ya kumtukana yeye, na wajomba, na maulidi ya uongo, na zile jioni zote nilizofurahi kuambiwa mama analala. Nilifungua mdomo. Nikamkumbuka Baba Kabir na pindo la shuka lake, na mie nimekaa mbele yake namwambia kwetu hapelekewi. Nikaufunga mdomo. Nikateleza chini kwa ukuta, pale kilipokuwa kitanda, nikakaa.

Jioni ile Mombasa ilikuwa moto, watu wote wako nje wanajipepea. Mie nilikuwa natetemeka, meno yanagongana. Ndugu yangu akafungua zipu ya ule mfuko, akalitoa blanketi la mama, akanifunika nalo, na sikumkataza.